Somo: Mabua na majani makavu ya mavuno kwa ndama wanaokua

Tuelewane mapema: mabua hayamkuzi ndama. Yanamjaza tumbo na kumpa nguvu kidogo, lakini mwili hujengwa na kile unachoweka pamoja nayo. Mabua ya mahindi, majani ya mpunga na ya ngano yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Vijidudu vya rumeni, yaani tumbo la kwanza, ndivyo vinavyovunja nyuzi ngumu, na vinataka chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi. Chini ya hapo vinapungua, nyuzi hazivunjiki, na shehena inakaa tumboni siku nyingi. Ndama anasimama ameshiba huku anakonda.

Hatua ya 1: Jua umri na uzito

Kabla ya miezi 3 usimpe mabua kama chakula. Rumeni bado ni changa. Anahitaji maziwa, chakula cha ndama na nyasi laini. Kati ya miezi 3 na 6 mwekee kidogo tu, yasizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula, na yawe sehemu laini zilizokatwa. Kuanzia miezi 6 hadi 9 unaweza kufika robo au theluthi. Akikaribia mwaka, asilimia 40 inabebeka ikiwa vinavyobaki ni vizuri.

Huna mizani? Chukua futi kamba. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Ndama mwenye kifua cha sm 125 na urefu wa sm 105 ana kilo 151 hivi. Usikisie kwa macho: mwenye tumbo kubwa hudanganya sana.

Hatua ya 2: Chagua na ukate

Chukua makavu yenye rangi angavu na harufu safi. Robota lenye madoa meusi, vumbi linalopanda ukilifungua au harufu ya uvundo usilitoe hata kidogo; ukungu una sumu, na ndama huumia haraka kuliko ng'ombe mkubwa. Mabaki ya maharage na ya kunde yana protini nyingi kuliko ya nafaka, basi hayo yaweke akiba kwa wadogo.

Kata vipande vya sm 2 hadi 5. Ukisaga yakawa unga, yanapita tumboni haraka kabla vijidudu havijayafanyia kazi, na ndama hacheui vya kutosha.

Hatua ya 3: Panga mgao

Ndama anayekua hula chakula kikavu kati ya asilimia 2.5 na 3 ya uzito wake kwa siku. Kwa mtamba wa kilo 150 ni kama kilo 4. Mgao unaofanya kazi ni huu:

- mabua yaliyokatwa, kilo 1.5
- majani mabichi ya jamii ya mikunde (lusina, deshmodi au lusani), kilo 4
- pumba za mahindi, kilo 1
- mashudu ya alizeti, gramu 600
- chumvi ya madini, alambe atakavyo

Jumla inafika protini ya asilimia 13 hivi, na inatosha ongezeko la gramu 400 hadi 500 kwa siku kwa ndama asiye na minyoo. Ukiondoa mashudu na majani mabichi ukabaki na mabua na pumba, protini inashuka chini ya asilimia 7. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wakalaumu mbegu ya dume.

Weka mabua zaidi kidogo ya anayomaliza, ili sehemu moja ya sita hivi ibaki horini. Ndama huchagua majani na kuacha shina. Ukimlazimisha kumaliza yote, anakula kidogo. Hayo masalia mpe ng'ombe asiyekamuliwa au yatandike chini.

Maji yawepo saa zote, lita 4 hadi 5 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Mabua bila maji ya kutosha hugandamana tumboni, na kinyesi kikiwa kigumu na kidogo ujue ndipo tatizo linapoanzia.

Hatua ya 4: Kulainisha kwa urea

Urea ni ile mbolea nyeupe ya chembechembe. Njia hii ni kwa ndama waliopita miezi 6 tu. Wadogo zaidi hawawezi kuitumia urea, na inawaua.

Kwa kilo 100 za mabua makavu, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 za maji. Pima kwa mizani, usipime kwa kopo. Koroga hadi chembe zote ziishe. Tandaza nailoni ndani ya shimo au kwenye kona ya banda, weka kilo 10 za mabua, nyunyiza lita 5 za mchanganyiko kwa keni, kanyaga, kisha tabaka jingine, hadi mwisho. Funika kwa nailoni, ziba kingo kwa udongo, weka uzito juu.

Kwenye joto acha siku 21. Kwenye baridi acha wiki 5 au 6. Yakiwa tayari yana rangi ya kahawia ya dhahabu, ni laini mkononi, na harufu ya amonia, yaani gesi kali inayotokana na urea, inachoma pua. Toa ya siku moja, yatandaze kivulini tangu jana yake mpaka ukali wa harufu uishe, kisha funika tena lundo. Mzoeshe ndama kwa wiki 2, ukichanganya na mabua ya kawaida.

Makosa yanayoharibu ni haya. Maji yakipungua, urea haigeuki amonia. Maji yakizidi, urea huchuruzika na kukusanyika chini ya lundo, na tabaka hilo linakuwa sumu. Nailoni yenye tundu hupoteza amonia na kuleta ukungu. Usitie nyasi mbichi wala nyasi kavu nzuri zenye sukari. Zikikutana na amonia hutoa kitu kinachomtia mnyama wazimu wa kukimbia na kujigonga. Na usitoe soya mbichi pamoja na chakula chenye urea, kwa sababu soya mbichi huharakisha amonia tumboni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ndama wangu wa miezi 4 anapenda sana mabua, lakini tumbo limekuwa kubwa na manyoya yamesimama. Ni minyoo?

Jibu: Inaweza kuwa minyoo, mpe dawa kwa uzito wake. Lakini mabua mengi katika umri huo huleta picha hiyohiyo: tumbo la pipa, mgongo uliochongoka. Punguza yabaki kiasi cha kushika mkononi, ongeza chakula cha ndama chenye protini ya asilimia 16 hadi 18.

Swali: Naweza kutumia molasi badala ya mashudu?

Jibu: Hapana, ndugu. Molasi ni sukari, haina protini ya kuhesabu. Itumie kuwavutia ndama kula: sehemu moja ya molasi kwa tatu za maji, nyunyiza juu ya mabua. Mashudu yabaki palepale.

Swali: Majani ya mpunga na mabua ya mahindi, kipi bora?

Jibu: Kwa kawaida mahindi. Mpunga una silika nyingi, yaani madini magumu kama ya mchanga, na oksalati yake, aina ya chumvi iliyomo kwenye majani, huzuia kalsiamu, kwa hiyo anayelisha mpunga asikose madini yenye kalsiamu na fosforasi. Tena kwenye mahindi jani ndilo bora kuliko shina, ila kwenye mpunga shina linameng'enywa vizuri kuliko jani. Usimwonee ndama anayeacha majani ya mpunga.

Swali: Nimefungua lundo, pembeni kuna ukungu mweupe ila katikati ni pazuri. Nitupe lote?

Jibu: Toa ukungu pamoja na mabua yaliyo karibu nao kwa upana wa kiganja kimoja, utupe mbali na mifugo. Katikati tumia, kama yana rangi ya kahawia na harufu ya amonia. Yasiyo na harufu hiyo hayakuiva.

Swali: Dalili za sumu ya urea ni zipi, na nifanye nini kabla daktari hajafika?

Jibu: Kutetemeka, mate mengi, kuyumba, tumbo kujaa gesi, huanza ndani ya dakika 20 hadi saa moja baada ya kula. Mpigie daktari wa mifugo mara moja. Ondoa chakula. Kama bado anasimama na kumeza, mnyweshe siki taratibu, lita 1 kwa kila kilo 100 za uzito, pamoja na maji baridi mengi. Aliyelala asiyeweza kumeza usimnyweshe chochote, kitaingia mapafuni. Mfuko wa urea na ndoo uliyokorogea viwe mahali ndama hafiki. Wengi hufa kwa kulamba hivyo, wala si kwa mabua.