Namna ya Kutazama Filamu ya Mafunzo Ili Somo Lisibaki Kwenye Skrini

Mwaka 2008 watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watoto wa umri wa shule ya awali. Watoto hao walionyeshwa katuni ya mbwa mwenye miguu mitatu ambaye mwanzoni anaogopwa na mbwa wenzake, kisha wanamzoea na kumkubali. Mtu mzima akiitazama katuni hiyo atasema mara moja kwamba inafundisha kuwapokea watu walio tofauti nasi. Watoto wengi walipoulizwa inafundisha nini, walijibu kwamba tuwatendee wema mbwa wenye miguu mitatu.

Jibu hilo linachekesha, lakini ndani yake mna jambo zito kwa kila mzazi, mlezi au mwalimu anayetegemea filamu imfundishie. Filamu humpa mtoto kisa. Kukivusha kisa hicho hadi kwenye maisha yake ni kazi ya mtu aliyeketi kando yake. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo.

Anza kwa kuitazama filamu peke yako hadi mwisho, hata kama imesifiwa sana. Usiridhike na kionjo chake, kwa kuwa kionjo hutengenezwa ili kuvutia mtazamaji na hakikuahidi kukuonyesha yote yaliyomo. Unapotazama, tafuta mahali ambapo mhusika analazimika kuchagua, na uchaguzi wake unamgharimu kitu. Ikiwa mhusika mkuu ana hekima katika kila tukio na waovu ni waovu tangu wanapoingia, iache. Iache pia ile ambayo mwishoni mzee fulani anasimama na kulitamka somo lote kwa sauti nzito, maana imekwisha kujijibu yenyewe, na ninyi hamtabakiwa na la kuzungumza.

Umri nao uzingatiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi muda wa skrini kwa watoto walio chini ya miaka 2, na kwa wenye umri wa miaka 2 hadi 4 unashauri usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 apewe kisa cha dakika chache, tena akiomba kukirudia asikatazwe, kwa sababu mara ya kwanza anashughulika kufuata nini kinatokea, na mara zinazofuata ndipo anapoanza kuelewa kwa nini. Kuhusu hofu, mtoto mdogo huogopa kinachotisha kwa sura, ilhali mkubwa kidogo huogopa kile anachojua kinaweza kumpata kweli, kama vile kufiwa au kupotea. Zimwi la kuchorwa halimsumbui mtoto wa miaka 10, bali mama anayelazwa hospitalini katika filamu hiyohiyo anaweza kumkosesha usingizi.

Siku ya kutazama, toa maelezo ya sentensi mbili tu na swali moja la kubeba njiani. Simu ziwekwe mbali, na yako iwe ya kwanza. Ukimwashia mtoto filamu kisha ukaenda kupika, umempatia burudani, jambo ambalo si kosa, ila usiliite somo.

Mahali pa kusimamisha filamu pachaguliwe mapema, na pasizidi pawili, kwani anayekatizwa kila dakika huchukia filamu pamoja na anayemkatiza. Nitatoa mfano wa Children of Heaven, filamu ya mwaka 1997 ya mwongozaji Majid Majidi wa Iran. Mvulana aitwaye Ali anapoteza viatu vya dada yake, Zahra, vilivyokuwa vimetoka kwa fundi. Kwa kuwa nyumbani hakuna pesa, watoto hao wanaficha siri hiyo na kutumia jozi moja ya raba kwa zamu: Zahra anakwenda nazo shuleni asubuhi, kisha anakimbia kumpokeza kaka yake anayesoma mchana. Baadaye Ali anaingia kwenye mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Anakimbia akiitaka nafasi ya tatu, na kwa bahati mbaya anakuwa wa kwanza.

Nilipoitazama na mpwa wangu wa miaka 9, nilisimamisha pale watu wanapomshangilia Ali huku yeye machozi yakimtoka, nikauliza, "Kwa nini mshindi analia?" Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa sababu dada yake anasubiri viatu." Hakuna hotuba katika filamu hiyo inayosema kwamba ahadi ni mzigo. Mtoto alilipata jambo hilo usoni mwa Ali.

Baada ya filamu, epuka kuuliza, "Umejifunza nini?" Swali hilo lina harufu ya mtihani, na mtoto mwerevu atakupa jibu analojua unalitaka. Uliza nani alijua na nani hakujua, nani angeweza kusema ukweli mapema zaidi, na ungekuwa wewe ungeficha kwa siku ngapi. Kisha vuka daraja waziwazi, kwa maana hapo ndipo watoto wa ile katuni walipokwama: "Je, darasani kwenu kuna mtu anayeogopwa au kuchekwa kwa sababu hafanani na wengine?" Usipouvuka mto huo pamoja naye, atabaki ng'ambo na mbwa wake.

Watu wazima wana shida tofauti. Wao huliona somo upesi, lakini hulielekeza kwa jirani. Tokyo Story, filamu ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1953, inaonyesha wazazi wazee wanaosafiri kuwatembelea watoto wao waliokwisha kujitegemea, na watoto hao wana shughuli nyingi mno hata hawapati nafasi ya kuwa nao. Katika kikundi, usimuulize mtu kama naye amewasahau wazazi wake, maana atajitetea. Muulize ni mtoto yupi kati ya wale angeweza kumtetea, na kwa hoja gani. Akimaliza kumtetea mhusika, mara nyingi atakuwa ameeleza mengi kuhusu nafsi yake bila kushurutishwa.

Filamu za hali halisi zinahitaji tahadhari ya ziada, kwa sababu tunaziamini kupita kiasi. White Wilderness ya mwaka 1958, iliyotolewa na Disney na kupata tuzo ya Oscar, ilionyesha lemming, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wakijitupa majini kwa wingi. Baadaye ilibainika kwamba tukio hilo lilipangwa, na wanyama hao walisukumwa na watengenezaji wenyewe. Basi mbele ya filamu ya aina hii uliza kamera ilisimama wapi, nani aligharimia, na nani hakupewa nafasi ya kusema.

Mkikosa mazungumzo usiku huo, msilazimishe. Mwishoni mwa Children of Heaven kuna picha ya sekunde chache ya baiskeli ya baba ikiwa imebeba viatu vipya, na wengi huikosa. Wiki moja baadaye mpwa wangu, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake, aliniuliza, "Yule baba alijuaje kama wanahitaji viatu?" Sikuwa na jibu, kwa hiyo jioni hiyo tuliirudia.