Umepasuliwa mgongo? Pima mzigo kwa bidoni

Wewe unayesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma, usirudi barabarani kwa sababu tu maumivu yamepoa. Ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi. Kilicho ndani bado. Aliyeondolewa kipande cha diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, mara nyingi hungoja wiki 6 hadi 12 kabla ya kazi nzito. Aliyeunganishwa mifupa kwa skrubu ni miezi 3 hadi 6, pengine zaidi, na sigara huchelewesha mfupa kushikana. Ruhusa hutoka kwa daktari aliyekupasua, si kwa mwenye mzigo.

Ukisharuhusiwa, mzani unao nyumbani: bidoni, yaani dumu la maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Anza na ile ndogo ya lita 5. Piga magoti badala ya kuinama, ikumbatie tumboni, na ukitaka kugeuka geuza miguu, si kiuno. Ongeza lita 2 kila wiki, mradi asubuhi inayofuata mguu hauchomi wala haufi ganzi. Mguu ukichoma, rudi kipimo cha nyuma. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ni wa watu wawili, hata kwa mgongo mzima.

Chukudu ianze tupu, kwenye lami. Mawe ya volkano hutikisa uti wote. Lile goti moja juu ya ubao nalo hupinda kiuno, basi badilisha goti.

Mkojo ukikataa kutoka, ganzi ikiingia baina ya mapaja, au unyayo ukianza kuburuta: hospitali siku hiyohiyo.