Kabla hujanunua goldifishi angalia mkia kwanza

Hapa Moshi mtu akiona samaki wa rangi ya chungwa anasema goldifishi basi, kumbe kuna aina kibao na kila moja ina mambo yake, ukichanganya ovyo utawatesa.

Mwangalie kwa juu. Akiwa na mkia mmoja na mwili mrefu kama perege mdogo, huyo ni wa mbio. Kuna wa kawaida, kuna kometi mwenye mkia mrefu uliochongoka (alianza kuzalishwa Marekani miaka ya 1880), na shubunkin wa Japani mwenye madoa ya bluu, meusi na mekundu, mi naona huyu ndo mzuri kuliko wote. Baridi ya mwezi wa 7 wanaimudu vizuri ila wanaweza kufika sentimita 30, kwahiyo watafutie bwawa, bakuli la mezani hapana.

Akiwa na mkia wa mapacha na tumbo la mviringo, huyo anaogelea taratibu na anapenda maji ya nyuzi 20 hadi 24 hivi, asubuhi za baridi muweke ndani. Fanteli ndo rahisi kwa anayeanza. Ryukin ana nundu nyuma ya kichwa, oranda ana kofia ya nyama kichwani, ranchu hana kabisa pezi la mgongoni, na yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza haoni vizuri, usimwekee mawe yenye ncha.

Mimi niliweka oranda wangu pamoja na kometi wawili. Nikitupa chakula wale wawili wanakimaliza chap, oranda anafika anapanua mdomo hakuna kitu, wiki chache tu mgongo umekuwa kama kisu, imebaki kofia. Iliniuma sana. Nikamhamishia tanki lake nikawa nampa punje za kuzama nilizoloweka kwanza, maana hawa wa mviringo wakimeza hewa juu ya maji wanaweza kupoteza balansi wakaelea kichwachini.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, badilisha robo ya tanki kila wiki, wanachafua sana hawa. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima, chota maji ya tanki kwa jagi uyamimine humohumo kutoka juu, rudiarudia, hasa ukiona wamekuja juu wanahema.