Kabla ya kumlipia mama tiketi ya daraja la biashara

Mimi na ndugu zangu tulichanga kwa miezi mingi ili mama asafiri daraja la biashara kwenda Marekani kumwona mjukuu ambaye alikuwa hajampakata. Magoti yake hayamruhusu tena kukaa saa nyingi miguu ikining'inia. Mara ya kwanza tulilipa bila kuuliza swali hata moja, tukidhani neno "biashara" kwenye tiketi limeshamaliza kila kitu. Ndege iliyokuja ilikuwa na viti vya zamani vinavyolala kwa mteremko, na mama alikesha akiteleza kuelekea miguuni, akijivuta juu, akiteleza tena. Alifika miguu imevimba. Safari ya pili tulijipanga, na haya nayaandika kwa ajili ya yeyote anayechanga sasa hivi, maana pesa yenyewe ni nyingi na familia haiipati mara mbili.

Ninalolishikilia kuliko mengine yote ni hili: unachonunua ni usingizi. Chakula kwenye sahani za udongo ni kizuri, kitambaa cha moto cha kufutia mikono ni kizuri, lakini hakuna anayeongeza laki kadhaa za shilingi kwa ajili ya kitambaa. Unalipia kulala mgongo umenyooka, saa sita au saba mfululizo, angani. Kila swali utakalomuuliza wakala wako lipime kwa hilo.

Anza na aina ya ndege. Huandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa kukatia tiketi: 787, 777, A350. Usilipe kabla hujaiona, kisha omba ramani ya viti. Nichukue safari ninayoijua, Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018. Hutumika Boeing 787-8, ile wanayoiita Dreamliner, na huruka karibu saa 15 kwenda bila kutua popote. Mbele ina viti 30 vya biashara, nyuma 204 vya kawaida. Vile 30 vimepangwa viwili kushoto, viwili katikati, viwili kulia, na vyote vinalala bapa kabisa. Lakini ukikaa dirishani na jirani yako ameshalala, njia yako ya kwenda msalani inapita juu ya miguu yake. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kumruka mtu gizani, na kwa adabu aliyolelewa nayo hatamwamsha mgeni. Atajinyima maji ili asihitaji kwenda. Dawa yake ni viti viwili vya katikati. Kila kimoja kina ujia wake, humruki mtu wala mtu hakuruki. Mama alitaka dirisha. Nikamwambia ndege inaondoka usiku, ataona giza tu, akakubali.

Safu iliyogusana na jiko la wahudumu iepuke, kwa sababu ya mwanga na mlio wa vyombo. Safu moja au mbili kutoka hapo inatosha, choo bado kiko karibu.

Mashirika mengine yana mpango wao, na usidhani ulichokiona kwenye tangazo ndicho kitakachokungoja mlangoni. Boeing 777 za Emirates ambazo hazijakarabatiwa zina viti saba kwa safu, na yule wa katikati kabisa amebanwa kushoto na kulia. Qatar Airways wana vyumba vidogo vyenye mlango wa kufunga, lakini si katika ndege zao zote. Air Tanzania wana 787-8 pia, yenye viti 22 vya biashara. Na ndege hubadilishwa. Angalia tena ramani ya viti wiki moja kabla ya safari, halafu siku moja kabla. Ukiona viti vimebadilika sura au namba ya kiti imepotea, piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu kwenye kaunta usiku wa safari hakuna wa kukusaidia sana. Wanaopitia Ulaya wana kinga moja ya kukumbuka: ndege ikiondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, au ikielekea huko na shirika likiwa la huko, kama KLM kutoka Nairobi, Kilimanjaro au Dar, ukishushwa daraja bila hiari yako katika safari ya zaidi ya kilomita 3,500 sheria inakupa haki ya kurudishiwa asilimia 75 ya bei ya tiketi ya safari hiyo. Weka pasi ya kupandia ndege, usiitupe.

Soma pia masharti ya bei uliyopewa. Siku hizi ipo tiketi ya biashara ya bei nafuu ambayo imenyofolewa vitu: mashirika makubwa ya Ghuba yamekuwa yakiuza ya namna hiyo bila ruhusa ya kuingia launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani, na nyingine haikuruhusu kuchagua kiti bure. Kwa kijana haina neno. Kwa mzee anayetoka Mombasa mchana na kuungia Nairobi usiku, launji ndiyo mahali pa kunyoosha miguu, kuswali na kula mapema. Hapo JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, Kenya Airways wana launji za Pride na Simba katika jengo la 1A. Na hiyo safari fupi ya Mombasa hadi Nairobi iwe kwenye tiketi ile ile. Ukiinunua kando kwa shirika la bei rahisi, mizigo haitaunganishwa, na ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili haina wajibu wa kukungojea.

Kiti cha magurudumu omba mapema, angalau saa 48 kabla, hata kama mama anasema anaweza kutembea. Kuna alama tatu ambazo wakala huandika kwenye tiketi, na ni vyema ujue ni ipi ameandika. WCHR ni kwa anayepanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa asiyetembea kabisa, anayehitaji kusaidiwa hadi kitini. Mama tuliandikiwa ya pili. Mara nyingine ndege huegeshwa mbali na abiria hupanda kwa ngazi. Ukiwa na alama isiyo sahihi ndipo utakapoumbuka.

Dawa ziingie kwenye mkoba wa mkononi, zote, ndani ya paketi zake na karatasi ya daktari, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari. Hapa nataka ukae kidogo. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi yao, kwa hiyo ukielekea magharibi siku inarefuka. Anayemeza kidonge cha presha saa 2 asubuhi, au anayejidunga insulini, asiachiwe abuni mwenyewe akiwa angani. Nenda kwa daktari na ratiba ya ndege mkononi, aandike saa za dozi kwa saa ya nyumbani hadi siku ya kufika. Karatasi hiyo tuliikunja tukaiweka pamoja na pasipoti. Kama unapitia Dubai au Doha, hakiki pia kama dawa inaruhusiwa huko: zenye kodeini au tramadol zina masharti makali katika Falme za Kiarabu.

Damu kuganda miguuni si ugonjwa wa daraja la kawaida peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikwishaeleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne inakaribia kuongeza hatari hiyo maradufu, na anayelala kitandani bila kujigeuza naye hajasalimika. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti huuzwa kwenye maduka ya dawa; pima mguu asubuhi kabla haujavimba. Aliyewahi kupata tatizo hilo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza. Mama tulimfundisha kuzungusha vifundo vya miguu kila anapoamka, na kutembea hadi mwisho wa ujia na kurudi mara mbili tatu.

Kuhusu hewa, Dreamliner ina unafuu. Ndani yake hewa hushinikizwa sawa na ya mahali palipo mita 1,800 juu ya bahari, wakati ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400. Nairobi yenyewe iko karibu na mita 1,800, kwa hiyo mzee aliyewahi kukaa Nairobi bila kuhema hatashtuka sana. Bado ni hewa kavu. Maji kidogo kidogo, mafuta ya midomo, na chai isiwe nyingi kabla ya kulala.

Chakula maalumu huagizwa angalau saa 24 kabla, mashirika mengine 48. Kipo cha mwenye kisukari, cha chumvi kidogo, cha halali, cha asiyekula nyama. Kuwa tiketi ni ya biashara hakumaanishi wanajua hali yako. Wasipoambiwa, wataleta sahani ya kila mtu.

Mizigo sasa. Katika daraja hili mara nyingi unapewa mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, na hapo ndipo akina mama hupata wazimu wa mapenzi: achari, pilipili ya kusaga, halua, mahamri, iliki ya shangazi. Vyote vya majimaji na vya kunata viingie begi kubwa, maana mkononi ni mililita 100 tu. Unga na viungo vya kusaga pia. Tangu 2018, ndege zinazoelekea Marekani huwa na ukaguzi wa ziada kwa unga wowote wa mkononi unaozidi mililita 350, na pilau masala ya nusu kilo inaingia humo. Nyama, sambusa za nyama zikiwemo, na matunda mabichi yabaki nyumbani. Vingine vyote vya kula vitajwe kwa afisa wa forodha anapouliza. Faini ya kuficha inaweza kufika dola 10,000. Pawabenki ikae mkononi, kamwe isiwe ndani ya begi kubwa, na isizidi wati-saa 100, yaani kama 27,000 mAh. Emirates, tangu Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

Nguo za usiku ule ni dera pana, sweta, leso mbili na kandambili ambazo mguu uliovimba utaingia. Blanketi la ndege lipo, lakini mama alilala vizuri alipojifunika leso yake mwenyewe yenye harufu ya nyumbani. Kabla ya safari tafuta picha za kiti cha ndege hiyo, umwonyeshe vile vitufe: hiki kinalaza, hiki kinasimamisha, huu ndio mwanga. Mara ya kwanza aliona haya kuuliza. Na mfundishe jambo dogo lenye faida kubwa: akishalala, mkanda aufunge juu ya blanketi, uonekane. Hewa ikichafuka wahudumu hupita kukagua mikanda, na wasipouona watamwamsha. Ale chakula cha jioni launjini, akipanda aseme hataki kuamshwa mpaka kifungua kinywa. Kwenye ndege ya Kenya Airways atasema kwa Kiswahili chake na ataeleweka, jambo ambalo kwa mama yetu lilikuwa na thamani kuliko kiti.

Kufika JFK, uwanja wa ndege wa New York, daraja ulilokaa halikusaidii kitu kwenye foleni ya uhamiaji. Kiti cha magurudumu ndicho kinachosaidia, kwa hiyo asiharakishe kushuka. Asubiri kitini hadi waje na jina lake. Tuliandika kwa Kiingereza kwenye karatasi moja anuani ya dada, namba yake ya simu, tarehe ya kurudi na sababu ya safari, tukaiweka nje ya mkoba ambapo mkono unafika. Majina kwenye tiketi yafanane herufi kwa herufi na pasipoti.

Kurudi kuna tabia tofauti. Ndege huondoka New York mchana na kufika Nairobi asubuhi ya pili, karibu saa 14, na mtu haoni sababu ya kulala jua likiwa linawaka. Madirisha ya Dreamliner hayana pazia. Kuna kitufe chini ya kioo kinachokifanya kiwe cha bluu nzito, na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja. Mama alirudisha saa yake ya mkononi kwenye saa ya Mombasa akiwa bado uwanjani, akala chakula cha kwanza chote, akazungumza na jirani. Saa ilipoonyesha nne za usiku akalaza kiti, akajifunika leso, akafunga mkanda juu yake.