Kobe uliyemwokota Lubumbashi: mtambue kwanza, kumlisha baadaye

Kabla ya kuuliza anakula nini, mtazame miguu. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene, migumu, isiyo na utando kati ya vidole. Wa maji ana miguu bapa yenye utando, na akiogopa hulaza shingo ubavuni badala ya kukivuta kichwa moja kwa moja ndani. Ukikosea hapa unaua: wa nchi kavu akitupwa ziwa la Kipopo au mto Kafubu "arudi kwao" huzama, maana hajui kuogelea.

Sasa tafuta bawaba, yaani kiungo kinachofanya sehemu ya gamba ijikunje. Ikiwa nyuma ya gamba la mgongoni, ikishuka kuziba mkia na miguu ya nyuma, huyo ni Kinixys, kobe wa nchi kavu; upande huu wa Katanga mtarajie zaidi Kinixys spekii, bapa, urefu wa sentimita 20 hivi akikomaa. Bawaba ikiwa mbele ya gamba la tumboni, ni Pelusios, wa maji. Kinixys mchanga bado hana bawaba, basi usimkatae kwa hilo. Mwinue kwa mikono miwili ubavuni, vidole mbali na bawaba, karibu na ardhi: akishtuka hukojoa, na mkojo huo ni akiba yake ya maji.

Je, amepotea kweli? Mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, kobe hutoka mafichoni kutafuta chakula na mwenzi. Mzima, aliyekutwa kwenye majani nje ya mji, mwache. Akiwa barabarani, mvushe upande alikokuwa akielekea. Lakini tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba, rangi, alama ya kamba au kucha zilizopinda humaanisha alifungwa mahali. Ulizia kwa majirani na kwa chefu wa avenue (kiongozi wa mtaa), bila kutaja alama hizo, mwenyewe atazitaja. Na kumvusha mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ni kosa.

Akibaki kwako kwa muda, mpe eneo la mita 1 kwa 1.5 lenye udongo na majani makavu, nusu kivuli, nusu jua, ukuta usiopitisha mwanga ili asihangaike kutafuta upenyo. Siku ya kwanza mwogeshe dakika 15 katika beseni la maji vuguvugu yasiyofika kidevuni. Wengi hunywa hapo hapo. Usiku wa Juni na Julai ni baridi: mwingize ndani, asilale kwenye sementi tupu.

Kinixys hula mboga na nyama ndogo: lengalenga, matembele, vipande vya papai na pera, minyoo ya ardhi, konokono. Unga wa maganda ya mayai, yaliyochemshwa na kukaushwa, nyunyiza mara mbili kwa wiki. Bukari (ugali), mkate na maziwa hapana. Sombe (majani ya muhogo) mbichi ina sumu ya sianidi, hata kama jirani anaapa kobe wake aliila. Akigoma kula siku chache za kwanza, usimlazimishe. Woga na baridi hufanya hivyo. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki: uzito ukishuka mfululizo, au mapovu yakitoka puani, huo ni ugonjwa.

Gamba lililopasuka lina damu na neva. Lisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi, kisichofurika, kwa nusu lita, kisha Betadine (dawa ya iodini ya vidonda) iliyozimuliwa hadi rangi ya chai nyepesi. Usizibe kwa gundi: uchafu hubaki chini na kuoza. Mweke ndani juu ya magazeti, nzi wasitage kwenye ufa, umpeleke kwa daktari wa mifugo; Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama. Kila ukimshika, nawa kwa sabuni kwa sababu ya salmonela, na beseni lake lisioshwe jikoni.

Yeyote atakayetaka kumdunga ivermectin ya ng'ombe kwa ajili ya minyoo au kupe, mkatalie. Kwa kobe dawa hiyo hupoozesha na kuua. Kupe mng'oe kwa kibano.