Umeangalia muvi nyumbani, sasa unaisemaje?

Dirisha la sebuleni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, linaangaliana na baraza ya kahawa, kwahiyo kila siku baada ya Isha mi nasikia kila kinachoongelewa pale hata nisipotaka. Mada ni mbili tu, mpira na muvi. Kwenye mpira wale kaka zangu wanajua kuongea jamani, atakwambia beki alikuwa amesimama wapi, pasi ilitoka kwa nani, dakika ya ngapi, refa alikuwa anaangalia wapi. Ikija zamu ya muvi mtu huyohuyo anasema "kali" alafu anang'ata kashata. Kali kivipi? "Kali bwana, we itafute." Basi, mazungumzo yameishia hapo, na aliyeuliza hajui kama anunue bando aitafute au alale.

Mi napenda muvi toka mdogo na kinachoniuma ni kwamba tunaangalia nyingi sana majumbani, flashi zinazunguka nyumba hadi nyumba, lakini tukitaka kuambiana tunakosa maneno. Na maneno yapo, maana kwenye mpira tunayo. Kwahiyo nawaandikia jinsi mi ninavyofanya na ninavyowaelekeza wadogo zangu.

Cha kwanza kabisa, kabla hujasema muvi ni nzuri au mbaya, sema umeiangaliaje. Kwenye simu au TV? Ya kutafsiriwa au ya asili? Kopi safi au ile iliyorekodiwa na mtu ukumbini mpaka unasikia watu wanakohoa na kichwa cha mtu kinapita mbele ya steringi? Hii watu wanaidharau lakini mara nyingi unachokilaumu wala si muvi, ni kopi. Nshawahi kumsikia jirani anaiponda muvi moja kwamba nusu nzima ni giza huoni kitu, nikaja kuiona kwenye kopi nzuri, kumbe lile giza lina watu ndani, lina mlango, lina mtoto kajificha nyuma ya pipa. Kopi zilizobanwa sana ili ziwe ndogo ziingie nyingi kwenye flashi, sehemu za giza ndo zinakufa kwanza.

Sauti nayo hivyo hivyo. Muvi nyingi kubwa sauti yake inachanganywa kwa ajili ya ukumbi wenye spika pande zote, ule mfumo wanaouita 5.1 ni spika tano na besi moja, na maneno ya waigizaji mara nyingi yanatokea kwenye spika ya katikati pale mbele. Sasa TV yako ina spika mbili ndogo zinaangalia ukutani, vyote vinabanwa humo humo, ndo maana mlipuko unatikisa kabati la vyombo alafu watu wakianza kuongea unakimbilia rimoti uongeze. Ukisema "hawa waigizaji wanaongea chini chini mno" unamuonea mtu wa watu. Kama TV ina sehemu ya kukuza maneno kwenye setingi za sauti iwashe, au chomeka hata hedifoni.

Na kuna hii nyingine ambayo mi mwenyewe niligundua baada ya muda mrefu. Muvi kwa kawaida inapigwa picha 24 kwa sekunde moja. TV nyingi za siku hizi zinakuja na setingi inayojitungia picha za katikati ili kila kitu kionekane kinateleza, kwa mpira ni nzuri sana, ila kwenye muvi inafanya watu waonekane kama wako kwenye tamthilia ya studio, hata muvi iliyotengenezwa kwa pesa nyingi inaonekana rahisi rahisi. Ingia kwenye setingi za picha, izime, au chagua ile ya sinema. Alafu iangalie tena ndo uje uiseme.

Sasa tafsiri. Siwapondi watafsiri hata kidogo, wengi wetu tumependa muvi kwa sababu yao, kwenye vibanda umiza tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi tunamsikiliza mtu mmoja anaongea sauti ya bosi, ya adui na ya mpenzi wa steringi bila kupumua. Lakini ukiangalia ya kutafsiriwa sema umeangalia ya kutafsiriwa, kwa sababu hapo umeangalia kazi za watu wawili.

Mfano wangu ni huu. Tuliletewa muvi ya Kikorea ya kutafsiriwa, tukakaa nyumba nzima. Kuna sehemu askari anamkabidhi mama viatu vya mwanawe kwenye mfuko wa nailoni. Yule mama anafika nyumbani, anavitoa kimoja kimoja, anavipangusa kwa kiganja, anavipanga mlangoni, alafu anavigeuza vitazame nje, kama vile mtoto ataamka asubuhi avivae aende shule. Hasemi neno, inapita kama dakika nzima hivi. Kwenye kopi yetu mtafsiri hakuiacha ile dakika, akaijaza, mama analia anasema hivi, mama analaani anasema vile, na utani juu yake, na sisi tukacheka. Wiki iliyofuata kaka akaleta ya asili. Bibi yangu Kikorea hajui na maandishi ya chini hasomi maana macho yameshachoka, akasema niwekeeni hivyo hivyo. Ilipofika pale pa viatu akavuta kanga akajiziba mdomo. Tulivyomaliza akatuuliza, "Huyu mama hajasema kitu ati. Nyie mlikuwa mnacheka nini?"

Toka siku ile nikijua kuna kopi ya asili naangalia zote mbili kabla sijafungua mdomo.

Haya, tuje kwenye maoni yenyewe. Mi naona kitu kimoja kinatosha kubadilisha kila kitu: shika sehemu moja. Usijaribu kuisimulia muvi yote toka mwanzo, utachoka na utamchosha mwenzio, we shika sehemu moja iliyokukaa uielezee vizuri, nani alikuwepo, alifanya nini kwa mikono yake, kamera ilikuwa karibu au mbali, muziki ulikuwepo au ulikuwa kimya, na wewe pale ulipokaa ulifanya nini. Nikikwambia "mama alivigeuza viatu vikatazama nje" umeshajua ile muvi ni ya namna gani kuliko nikikwambia inasikitisha mara mia.

Utaijuaje hiyo sehemu? Angalia watu wa sebuleni. Nani aliacha kutafuna, mtoto yupi aliuliza swali, ni wapi hata yule anayechat muda wote aliinua uso. Na kinyume chake pia, wewe mwenyewe ulishika simu wapi? Hapo ulipoishika ndipo muvi ilipokuachia, sema ni wapi na kwanini. Ila uwe mkweli, kama ulishika simu kwa sababu umeme ulikatika ukarudi ukakuta umesahau nani ni nani, usiisingizie muvi.

Yaseme siku ileile. Mi nikimaliza, kabla ya kulala nachukua simu najirekodi dakika mbili tu, vile vinavyokuja, maana kesho yake ukishasikia ya watu wengine unaanza kusema ya kwao.

Mwisho wa muvi usiutoboe. Najua kila mtu analijua hili lakini tunalivunja kila siku, na kwetu huku kuna namna ya kutoboa ambayo mtu hata hajui kama anatoboa. Tumezoea steringi hafi, sasa mtu akikwambia "hii ni tofauti na zote ulizowahi kuona, jiandae na leso" ameshakwambia steringi anakufa. Ukisema "yule rafiki yake usimuamini" umeshamaliza kila kitu. Mi mpaka wangu ni nusu saa ya kwanza, muvi nyingi zinakwenda saa moja na nusu mpaka mbili, ndani ya ile nusu saa umeshajua ni ya nani, anataka nini na nani anamzuia, hayo sema, ya baada ya hapo niachie. Kama lazima uongelee mwisho, muulize mwenzio kwanza ameshaiona au bado, na kama ni kwa sauti ya WhatsApp basi sema mwanzoni kabisa "kama hujaiona usisikilize", usiseme katikati ushachelewa.

Kitu kingine ambacho kwa familia zetu ni cha lazima: sema inaangaliwa na nani. Sisi tunaangalia sebuleni, baba yupo, mama mkwe kaja kutembea, watoto wamelala chini kwenye mkeka, alafu ghafla inakuja sini ya kitandani na rimoti haionekani. Mwambie mtu mapema, "kwenye dakika ya arobaini na kitu kuna sehemu ya faragha, kaa na rimoti", au "damu ni nyingi usiweke mbele ya watoto". Kuna alama za umri ambazo Bodi ya Filamu inaziweka, lakini kwenye flashi ya kuazimana alama hiyo huioni, kwahiyo wewe uliyeiona ndo alama yenyewe.

Kwenye muvi zetu za Kibongo naomba tuwe na haki. Kuna wanaosema mbovu kabla hata haijaanza, na kuna wanaosema nzuri kwa sababu ni yetu, wote hawajaangalia. Iseme kama unavyosema ya nje, sauti ilikuwaje, mbona upepo unapiga kwenye maiki, mbona kipande cha pili kinarudia robo ya kipande cha kwanza, lakini pia sema yule dada alivyomjibu mumewe alijibu kama watu wanavyojibu kweli. Sisi wa Tanga tumemtoa Mzee Majuto, Amri Athumani, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, na mpaka leo ukimtaja barazani watu wanacheka kwanza ndo wanaongea. Waulize sasa alikuwa anachekesha vipi, wengi wanasema tu "yule mzee noma". Mi nawaambia wadogo zangu warudishe nyuma waangalie anavyonyamaza kabla ya kujibu, vile anavyomwangalia aliyemuuliza kana kwamba swali lenyewe limemkosea heshima. Ukiweza kusema hivyo mtu ataenda kuitafuta leo hii.

Ukiwa hukubaliani na mtu, hasa mkubwa, usimwambie hujaelewa. Mjomba wangu anapenda za ngumi na mi nyingine naona hazina hadithi, huwa namwambia "shikamoo mjomba, ile ya jana mi pale kwenye daraja sikumuamini adui, we ulimuonaje?" Hapo ataongea na mi nitaongea, na mara mbili tatu amenirudisha nikaiangalia tena nikakuta alikuwa ameona kitu ambacho mi sikukiona. Ukimuanza na "mbovu" atakwambia we mtoto unajua nini, atainuka aende zake msikitini.

Nawawekea na ile niliyomtumia shoga yangu wa Makorora kuhusu ile ya Kikorea, niliiandika usiku uleule tulipoiona ya asili:

"Shoga, leo tumeangalia ya Kikorea, ya asili yenye maandishi ya chini, kopi safi, kwenye TV ya sebuleni, inakaribia saa mbili. Ni ya mama anayemtafuta aliyemgonga mwanawe na gari. Mwanzo unakwenda polepole, vumilia mwaya, hasa pale wanapokaa kituoni muda mrefu. Kuna sehemu ya viatu, ikifika usimwangalie usoni, angalia mikono. Yule polisi mnene mi hakuniingia, anageuka mwema bila sababu niliyoiona, labda wewe utaiona. Muziki mchache sana, nimeupenda. Aibu hamna, unaweza kukaa na mama mkwe, ila kuna ajali inaonekana vizuri kwahiyo watoto walale kwanza. Ukipata ya kutafsiriwa iache, ngoja kaka akuletee hii kesho. Mwisho sisemi. Ukimaliza nipigie hata kama ni usiku, bibi naye anataka kusikia utasemaje."