Flukonazoli (dawa ya fangasi) na Kandida (jamii ya yisti) ya kwenye damu: kupima usugu kwa diski

1. Jina kwanza. Yisti ikionekana kwenye damu iliyooteshwa, pigia wodi simu saa ileile. Kisha otesha kwenye agari (jeli ya kuoteshea vimelea) ya Sabouraud saa 24 na utambue spishi. Candida krusei ni sugu kwa flukonazoli kwa asili yake. Hata duara (eneo linalozunguka diski ya dawa ambapo uotaji umezuiwa) likipendeza, usiandike kwamba dawa inafaa. Mashine ya kutambua spishi ikikupa jina Candida haemulonii, shuku Candida auris: otesha kwa nyuzi 42, na ikiota ipeleke maabara ya rufaa.

2. Agari. Mueller-Hinton tupu haitoshi. Kila lita iongezee glukosi gramu 20 na methilini bluu miligramu 0.5. Kumwaga viongezi hivi juu ya sahani iliyokwisha kuganda kunaruhusiwa, lakini unyevu husumbua. Changanya kabla ya otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke). Sahani ya milimita 90 inataka mililita 25.

3. Kupaka. Koloni tano, salaini, McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), swabu pande tatu, diski ya mikrogramu 25, nyuzi 35. Kichupa cha diski kikitoka kwenye friza, kisifunguliwe mpaka kifikie joto la chumba. Umande huharibu diski.

4. Kusoma, saa 20 hadi 24. Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Flukonazoli haiui Kandida, huizuia kukua tu, kwa hiyo ndani ya duara hubaki koloni ndogondogo kama vumbi la unga. Ukipima hadi lilipoishia vumbi, duara la milimita 24 litaandikwa 11, na mgonjwa atanyimwa dawa inayomfaa. Shika sahani juu ya kitambaa cheusi, tafuta pale uotaji mzito unapokatika ghafla, yaani umepungua kama asilimia 80, upime hapo. Vumbi liache.

Koloni kubwa, nono, zilizo ndani ya duara ni jambo jingine. Chukua moja, ioteshe peke yake kwenye agari ya kromojeni (hutofautisha spishi kwa rangi) uone kama ni spishi mbili zimechanganyika, kisha rudia kipimo. Uotaji ukiwa hafifu, subiri saa 48.

Kwa C. albicans, C. tropicalis na C. parapsilosis: milimita 17 na zaidi, inafaa, 14 hadi 16, inategemea dozi, 13 kushuka, sugu. C. glabrata haiandikwi "inafaa" kamwe.

5. Udhibiti. C. parapsilosis ATCC 22019 (yisti ya kumbukumbu ambayo jibu lake linajulikana) itoe milimita 22 hadi 33. Ikitoka nje ya hapo, jibu la mgonjwa lisitoke. Anza kwa kubadilisha kichupa cha diski.